Moto, mioyo na bustani: Picha za apu za lugha zinavyokuongoza

Ukifungua apu ya kujifunza lugha, unakutana na moto, moyo, kadi au njia. Hayo si mapambo tu. Ni sitiari: kitu unachokijua kinatumika kukuonyesha kitu kisichoonekana, yaani ulivyofikia katika lugha. Na kila picha inakusukuma kivyake.

Kadi. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza sanduku la kadi lenye vyumba. Ukipatia, kadi inasogea mbele na utaiona baada ya muda mrefu zaidi. Ukikosea, inarudi chumba cha kwanza. Anki, iliyotoka mwaka 2006, inafuata wazo hilohilo la kurudia kwa vipindi, ila inakupigia hesabu yenyewe.

Bustani. Memrise ya miaka ya mwanzo ililiita neno jipya mbegu. Unapanda, linakua, kisha unalimwagilia lisinyauke. Ujumbe uko wazi hata kwa mtoto: usiporudia, utasahau.

Moto. Duolingo, yenye kozi ya Kiswahili tangu 2017, inahesabu siku ulizosoma mfululizo na kuziwekea alama ya moto. Inajenga mazoea, kweli. Lakini kuna mtu anafanya somo moja jepesi saa tano usiku ili moto usizime tu. Namba inapanda, lugha iko palepale.

Moyo. Kwa miaka mingi apu hiyohiyo ilitumia mioyo: ukikosea, unapoteza mmoja. Picha hii imetoka kwenye magemu, ambako kukosea ni kufa. Kwenye lugha mambo ni tofauti, kwani anayeogopa kukosea hafungui mdomo.

Njia. Mpaka 2022 Duolingo ilikuwa na mti wa masomo, na ulikuwa na uhuru kiasi wa kuchagua. Ukaja mstari mmoja wa kufuata. Wapo waliofurahia kutojiuliza waanzie wapi, na wapo waliolalamika kunyimwa uhuru.

Sasa ufanye nini? Usifute apu. Jiulize tu: leo nimelinda moto, au nimejifunza? Jipime hivi: weka simu chini, sema sentensi tatu mpya kwa sauti bila kuchungulia. Zikitoka, umesonga. Zisipotoka, rudia somo la jana, hata kama alama haziongezeki.