Majina ya Wahenga wa Kanada ya Kifaransa

Mwenye kutaka kujua asili yake huanza kwa jina la babu. Lakini wako watu ambao jina la babu huwapoteza njia badala ya kuwaonyesha. Hao ni wazao wa Wafaransa waliohamia Kanada zamani, na leo nataka kuwaeleza habari zao.

Mji wa Quebec ulianzishwa mwaka 1608 na Samuel de Champlain. Kwa muda mrefu wakazi walikuwa wachache, na wanaume walikuwa wengi kupita wanawake. Kwa hiyo kati ya mwaka 1663 na 1673 Mfalme Louis XIV aliwapeleka wanawake wapatao 770, akawalipia nauli, ili waolewe huko. Waliitwa Mabinti wa Mfalme, ijapokuwa wengi wao walikuwa maskini waliofiwa na baba. Mwaka 1665 lilifika pia jeshi la Carignan-Salières, askari kama 1,200. Na vita vilipotulia, askari kama 400 walibaki wakawa wenyeji.

Siku zile askari wa Kifaransa alikuwa na jina la pili, yaani jina la vita. Huyu aliitwa Lafleur, maana yake ua. Huyu Sansoucy, asiye na wasiwasi. Na yule Vadeboncoeur, nenda kwa moyo mwema. Hata wasio askari walipata jina la pili, pengine kwa sababu ya mahali walikotoka. Majina hayo mawili yaliunganishwa kwa neno "dit", maana yake "aitwaye". Baadaye ndugu wa baba mmoja waliweza kugawana majina. Katika ukoo wa Hudon dit Beaulieu, wazao wengine ni Hudon na wengine ni Beaulieu, nao wote ni damu moja.

Tena palikuwa na desturi ya ubatizo. Hasa katika karne ya 19, mvulana alipewa jina la Joseph na msichana Marie. Likafuata jina la baba au mama wa ubatizo, na mwisho jina la kuitwa nyumbani. Basi mtafutaji akikuta akina Joseph sita katika nyumba moja, asidhani ya kuwa mwandishi alikosea.

Na waliohamia Marekani, wengine walifasiri majina yao: Boisvert akawa Greenwood, na Leblanc akawa White.

Je, njia hupatikanaje? Hupatikana katika vitabu vya kanisa. Padre aliandika kila ubatizo, ndoa na maziko. Na mwanamke aliandikwa kwa jina la ukoo wa baba yake hata baada ya kuolewa, hivyo upande wa mama haukupotea. Kati ya mwaka 1871 na 1890 Padre Cyprien Tanguay alichapisha kamusi ya koo hizo, vitabu 7.

Lakini mwaka 1640 kanisa la Quebec liliungua pamoja na vitabu vyake. Wakazi wakaulizwa, na habari zikaandikwa upya kwa kumbukumbu zao. Kitabu huungua, na mzee naye hufa. Basi mwenye babu na amwulize leo, kisha aandike.