Kupima Kabla ya Kukata

Mwaka 2008 wanawake wa Southall, magharibi mwa London, waliipeleka halmashauri yao, Ealing, mahakamani. Southall ni mtaa wa Wapunjabi, zikiwemo familia zilizopitia Kenya na Uganda. Shirika la Southall Black Sisters, lililoanzishwa mwaka 1979, huwasaidia wanawake wenye asili ya Asia na Afrika wanaopigwa majumbani. Halmashauri ya Ealing iliamua kuliondolea shirika hilo fedha zake na kugharimia huduma moja kwa wote. Ni lini ilipima uamuzi huo ungewaumiza nani? Baada ya kuamua.

Sheria waliyoitegemea wanawake hao ilitokana na msiba. Usiku wa tarehe 22 Aprili 1993, huko Eltham, kijana Mweusi wa miaka 18, Stephen Lawrence, alichomwa kisu na vijana wazungu akisubiri basi, akafa. Wazazi wake, Doreen na Neville, hawakunyamaza. Februari 1999 ripoti ya Sir William Macpherson, aliyeongoza uchunguzi wa kesi hiyo, ilitamka kwamba polisi wa London wana ubaguzi wa kitaasisi, na mwaka 2000 Bunge likazitwika ofisi za umma wajibu wa kuzingatia usawa wa rangi katika kila kazi yao. Ireland ya Kaskazini ilikuwa imetangulia kwa sheria ya 1998.

Ealing ilisalimu amri kesi ikiendelea, lakini Jaji Moses alitoa hukumu hata hivyo: tathmini hutangulia sera. Alikataa pia dai kwamba kuhudumia kundi moja kunavunja umoja. Kwangu hili ndilo kubwa zaidi. Mwanamke asiyejua Kiingereza, anayeogopa kutengwa na ukoo, hasaidiki kwa mlango ulio wazi kwa wote ikiwa ndani hakuna anayemwelewa.

Sheria ya Usawa ya 2010 ilipanua wajibu huo ukagusa umri, dini na mengine. Novemba 2012 Waziri Mkuu David Cameron aliwaambia wafanyabiashara kwamba tathmini hizo sasa basi, ni urasimu. Ni kweli fomu za tathmini hujazwa bila kufikiri. Lakini fomu ikitupwa, swali lake hutupwa nalo.

Gharama ya kutouliza swali hilo ilionekana kwa kizazi cha Windrush, watu waliotoka Karibiani kihalali, wengi wakiwa watoto. Sera za kuwabana wahamiaji ziliwanyima kazi, nyumba na matibabu, na baadhi wakafukuzwa nchini. Novemba 2020 tume ya usawa ilithibitisha kwamba Wizara ya Mambo ya Ndani haikutimiza wajibu wake ilipozitunga sera hizo, na kwamba maonyo yalipuuzwa. Wazee walidaiwa hati za kuthibitisha kila mwaka walioishi Uingereza. Kadi za kuingilia nchini, ambazo zingewafaa baadhi yao, wizara yenyewe ilikuwa imeziharibu mwaka 2010.