Mbegu ya Uyoga Ilivyotoka Mikononi mwa Wachache

Ndugu mkulima, wiki hii kikundi kimoja cha akina mama kimeniuliza swali nililolisikia mara nyingi: "Bwana shamba, mabua tunayo, maji tunayo. Kwa nini mbegu ya uyoga lazima tuifuate mjini?" Kabla sijajibu, nikusimulie mbegu hiyo ilikotoka.

Wafaransa walilima uyoga tangu karne ya 17, baadaye wakauingiza kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa chini ya jiji la Paris. Waliuotesha kwenye samadi ya farasi. Mbegu yao ilikuwa mabonge ya samadi kuukuu yenye nyuzi nyeupe, yakihamishwa kutoka tuta hadi tuta pamoja na magonjwa yake. Ni kama jirani yako anayerudia kupanda pingili za muhogo wenye batobato.

Miaka ya 1890 Taasisi ya Pasteur ya Paris ikapata mbegu safi, lakini namna ya kuitengeneza ikafanywa siri. Mkulima akabaki mnunuzi tu. Kule Marekani, mtaalamu wa mimea Benjamin Duggar alikuja na njia nyepesi: pasua uyoga mbichi wenye afya, chukua kipande cha nyama ya ndani, kioteshe kwenye chupa isiyo na vijidudu. Mwaka 1905 Wizara ya Kilimo ya huko ikaichapisha njia hiyo, anayetaka asome. Hapo ndipo mlango ulipofunguka, na sisi watumishi wa serikali tuna haki ya kujivunia kidogo.

Mwaka 1932 James Sinden akapata hataza ya kuotesha mbegu kwenye nafaka. Ile chupa ya mtama uliofunikwa na utando mweupe unayouziwa leo ni kazi yake. Kila punje inaanzisha uyoga mahali ilipoangukia.

Sasa jibu. Inawezekana kuzalisha mbegu kijijini, ila si kila nyumba. Mimi nilichemsha mtama kwa sufuria ya kawaida, chupa zote zikaota ukungu wa kijani, kwa sababu maji yanayochemka hayaui vijidudu sugu. Inatakiwa sufuria ya presha na chumba kisicho na upepo. Kwa hiyo changeni mnunue sufuria moja ya kikundi, mchague wawili wajifunze. Mpaka watakapoiva, agizeni mbegu kwa pamoja, nauli iwe ya mtu mmoja.

Akina mama wale wameshaanza kuchanga. Mtama watatoa wenyewe.