Uto: Mafuta ya Ufuta na Jasho la Waliolima

Ukikuta kichupa cha mafuta meusi ya simsim kwenye supamaketi hapa Nyeri au kule Nanyuki, utasema hiki ni kitu cha Wachina. Kumbe watu wa pwani walikuwa na mafuta yao ya ufuta, wakiyaita uto, kabla reli haijajengwa. Angalia maneno yenyewe: ufuta, mafuta.

Kinu chake kilikuwa cha mti, kikubwa, na mchi wake ukivutwa na ngamia. Ngamia hufungwa macho asishikwe na kizunguzungu, basi anazunguka tu kutwa. Mafuta yanachujika, mashudu wanalishwa ng'ombe. Zanzibar vilikuwako vinu hivyo, na ndugu zetu Wasomali wanavijua vizuri.

Karne ya 19 Wafaransa wa Marseille walinunua ufuta wa pwani yetu kwa shehena, wakakamua mafuta na kutengeneza sabuni. Malindi, iliyofufuliwa miaka ya 1860 zama za Sultan Majid, ilitajirika kwa mtama na ufuta. Lakini ni nani aliyelima? Watumwa, wengi wao waliotekwa bara. Na mabwana walikuwa Waislamu, wakifunga Ramadhani kama sisi. Hapo ndipo wasimulizi wetu hupita mbio, waje kwenye milango ya nakshi. Sisi tuliosoma madrasa tunajua kwamba katika kafara ya aliyeharibu funga kwa jimai, la kwanza ni kumwacha huru mtumwa. Hata hivyo utumwa pwani ya Kenya ulifutwa mwaka 1907, na kwa sheria ya Mwingereza. Hata misafara iliyopanda bara ilikuwa na wapagazi watumwa, waliokodishwa na mabwana zao.

Haya, tuje jikoni. Mafuta ya rangi ya njano hutoka kwenye ufuta mbichi, yanastahimili moto, Wahindi wa kusini hupikia kila kitu, nawe waweza kukaangia sambusa (ingawa bei, wallahi!). Yale meusi ufuta wake umekaangwa kabla ya kukamuliwa. Hayo usiyatie kwenye karai la moto, yatakuwa machungu. Epua sukumawiki kwanza, kisha tia kijiko kimoja, koroga, funika kidogo. Ukiyakosa yote mawili, kaanga ufuta mkavu mpaka uanze kurukaruka, uutwange na chumvi, unyunyize juu ya viazi vya futari.