Sirari hadi Robanda kwa Miguu

Basi la Mwanza huvuka daraja la Kirumi, likapanda vilima, na abiria aliyesinzia hushtukia yuko Sirari, Tarime imeshapita. Mtalii wa Serengeti naye hupitishwa Mugumu vioo vya gari vikiwa vimefungwa kukwepa vumbi. Ndiyo maana wilaya hizi mbili, Tarime na Serengeti, zinajulikana kwa mambo matatu tu: mpaka, mgodi na nyumbu. Mengine yako pembeni ya barabara, na anayeyataka hana budi kushuka atembee.

Tuanzie Tarime mjini, kwenye ubaridi wa milimani. Waingereza waliufanya mji huu makao ya wilaya ya Mara Kaskazini, iliyowaweka pamoja Wakurya na Wajaluo wa Rorya, hadi Rorya ilipopewa wilaya yake mwaka 2007. Leo jina hilo la zamani linatajwa zaidi kwenye mgodi wa Nyamongo, ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2002. Katika mitaa ya Sabasaba na Nyamisangura usione ajabu ukiambiwa nyumba hii ni ya mzee mstaafu wa jeshi. Wakurya waliingia jeshini kwa wingi tangu enzi za mkoloni. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, baadhi ya bunduki nazo zilirudi nyumbani, na wizi wa ng'ombe, uliokuwa wa mikuki na mishale, ukageuka kuwa wa risasi. Sungusungu, walinzi wa vijiji wa miaka ya 1980, huku hawaeleweki bila habari hiyo.

Sirari, mpakani na Kenya, ndipo penye mambo. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani, wakiwa Ulaya, walikubaliana kwamba mstari wa mpaka uanzie mlango wa Mto Umba, upite kaskazini ya Kilimanjaro, kisha unyooke mpaka pale digrii 1 kusini ya ikweta inapogusa ufukwe wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Mstari ulionyooka hivyo haukuuliza zizi la nani liko wapi. Wakira, Wairegi, Wanyabasi na Wagumbe wakajikuta wamegawanywa, ndugu huku na ndugu kule. Barabara kuu ina uhamiaji, forodha, malori yaliyopanga foleni na wabadili fedha wenye shilingi za nchi mbili mkononi. Achana nayo, kata kushoto au kulia katikati ya migomba. Mama mwenye beseni la ndizi kichwani anaelekea Isebania, upande wa Kenya, anasalimiana kwa Kikurya na kijana wa bodaboda anayetoka huko, na hakuna aliyesimama. Serikali inaziita njia za panya. Kwa wenyeji ni njia za kwenda kwa shangazi, msibani na sokoni.

Mstari wa pili ni wa hifadhi, na huu, kwa maoni yangu, umeumiza zaidi, maana njia ya panya ya kuuvuka inampeleka mtu mahakamani. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951. Miaka ya 1960 ikaongezwa Lamai, ng'ambo ya Mto Mara, na Wakurya waliokuwa huko wakahamishwa. Upande wa Tarime, katika vijiji kama Kegonga na Karakatonga, mpaka huo bado ni habari ya vigingi: kigingi kikihama, shamba la mtu linakuwa la wanyama.

Kusini zaidi, Robanda, wanaishi Waikoma, majirani wa ngome ya mawe waliyoijenga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Magari ya watalii yanalikimbilia geti la Ikoma bila kusimama kijijini. Waikoma wanasimulia kwamba asili yao ni mwindaji aliyetoka Usonjo, na wana meno ya tembo yaitwayo Machaba, ambayo ndiyo alama ya kabila lao. Nyika ambayo mgeni anaambiwa haijawahi kukaliwa na mtu, wao wanaijua kwa majina ya mahame na mashimo ya chumvi. Mwanahistoria Jan Bender Shetler alikusanya masimulizi hayo miaka ya 1990 kutoka kwa wazee wa Kiikoma, Kinata, Kiisenye na Kingoreme, na mwaka 2007 akatoa kitabu, Imagining Serengeti. Mahame mengi aliyotajiwa yako ndani ya hifadhi, na mjukuu wa walioyaacha akitaka kuyaona leo anaingia kwa kiingilio, kama mgeni mwingine yeyote.