Mwili mmoja, mitutu mingi: historia ya Contender na watu wanaoikusanya



Najua kwetu neno "bunduki" halichekeshi mutu. Mwenyeji wa Ituri, wa Masisi ao wa Fizi akilisikia, hafikiri kabati la vioo. Anafikiri njia ya kukimbilia na watoto. Ndiyo maana nasema mapema: leo sisifu silaha. Naandika juu ya bastola moja ya kuwinda, ya risasi moja tu, iliyotoka Marekani mwaka 1967, inayoitwa Contender. Mimi ni mutu wa historia, na ile bastola inanivuta kwa sababu ndani yake kuna mambo matatu yanayotuhusu sisi tuliosoma: namna wazo la fundi linakuwa kiwanda, namna mchezo unazaa soko, na namna sentensi moja ya sheria isiyo wazi inaweza kumfunga raia ao kumwokoa.

1. Fundi wa chumba cha chini

Warren Center alikuwa mfanyakazi wa Harrington & Richardson, kampuni ya bunduki ya Massachusetts. Katika miaka ya 1960, nje ya saa za kazi, alikuwa anashuka katika karakana yake, chumba cha chini ya nyumba, na humo akatengeneza bastola ya namna yake. Haikuwa na silinda wala magazini. Unaivunja katikati kama vile bunduki ya kuwinda ndege, unaweka risasi moja, unaifunga, unapiga. Ukitaka ya pili, unaifungua tena.

Mwaka 1965 Center akaingia katika K.W. Thompson Tool Company, huko Rochester, jimbo la New Hampshire. Ile kampuni ilikuwa na mashine na mafundi. Center alikuwa na wazo. Mwaka 1967 wakaitoa Contender sokoni, na kampuni ikabadilisha jina kuwa Thompson/Center Arms, jina la mwenye kiwanda na jina la fundi, bega kwa bega. Jambo hili si la kila siku. Mara mingi fundi analipwa mshahara na jina lake linabaki kwenye daftari la malipo.

Wakati ule bastola za kuwinda zilikuwa zaidi zile za silinda, za risasi tano ao sita. Contender ilikuwa na risasi moja, na bei yake ilizizidi. Sasa, nani atalipa mingi kusudi apate kidogo?

2. Siri iko kwenye pini

Jibu ni mtutu. Ukiondoa ubao wa mbele, unaona pini moja ya chuma inayounganisha mtutu na mwili wa bastola. Unasukuma pini, mtutu unatoka. Unaweka mtutu mwingine, unarudisha pini na ubao, umemaliza. Asubuhi mwili ule ule ulikuwa unapiga .22, risasi ndogo ya sungura, mchana unapiga.44 Magnum ao .30-30, kalibre ambayo Wamarekani wameijua kwa bunduki ndefu za kuwindia swala wao. Na orodha ilienda mpaka .45-70, risasi kubwa ya kizamani.

Center alifikiri mambo mawili mengine ambayo ninayaona ya akili sana. Kwanza, risasi ndogo kama .22 inapigwa kwenye ukingo wa kitako chake, na zile kubwa zinapigwa katikati. Bastola moja itafanyaje zote mbili? Akaweka kwenye nyundo kitu cha kuchagua: ukingo ao katikati. Pili, vilengeo na darubini vinakaa juu ya mtutu, haviko juu ya mwili. Kwa hiyo ukiutoa mtutu leo na kuurudisha mwezi ujao, shabaha yake inarudi nao. Mitutu kumi, kila mmoja na macho yake.

Na ile risasi moja? Wawindaji waligeuza upungufu kuwa fahari. Mwenye risasi sita anaweza kubahatisha; mwenye moja anasogea karibu, anangoja, anapiga wakati ana hakika, ao anarudi nyumbani mikono mitupu.

3. Kuku, nguruwe, bata mzinga, kondoo

Lakini wawindaji peke yao hawangeipa Contender jina lote lile. Msaada ulitoka Meksiko. Huko kulikuwa mchezo wa kulenga sanamu za wanyama zilizokatwa katika bamba la chuma, na sharti ni kuiangusha sanamu, kuigusa tu hakutoshi. Wamarekani waliuchukua, kisha wakaugeuza kuwa mchezo wa bastola. Mwaka 1976 ikaundwa IHMSA, shirika la mchezo huo, Elgin Gates akiwa rais wake wa kwanza. Kuku wa chuma anasimama kwenye mita 50, nguruwe kwenye 100, bata mzinga kwenye 150, na kondoo dume kwenye mita 200.

Mita 200 kwa bastola! Kondoo wa chuma mzito haanguki kwa kusalimiwa. Hapo watu walihitaji mtutu mrefu, risasi yenye nguvu na usahihi usio na mchezo, na Contender ilikuwa tayari. Kiwanda kikatoa mitutu ya inchi 14, na washindani wengi wakaichukua. Huko Ohio, J.D. Jones wa SSK Industries akaanza kutengeneza mitutu ya kalibre alizozibuni yeye mwenyewe, zenye herufi JDJ kwenye jina. Kwa njia hiyo kipande cha chuma kilichotoka katika chumba cha chini kikalisha karakana zingine. Walimu wetu wa uchumi wangesema: chombo kimoja kimezaa soko la vipuri.

4. Kesi ya dola 200

Sasa nafika kwenye sehemu ninayoipenda zaidi, na wenzetu wa kitivo cha sheria wakae karibu.

Mwaka 1934 Marekani ilitunga sheria ya kitaifa ya silaha, wakati wa majambazi wa mijini. Bunduki yenye kitako cha bega na mtutu mfupi (wakati wa kesi hii, chini ya inchi 16) ilitiwa katika kundi la hatari: inaandikishwa, na mpaka mwaka 2025 mwenye kuitengeneza alikuwa analipa kodi ya dola 200. Mwenye kuificha anaweza kufungwa mpaka miaka 10.

Thompson/Center nao walianza kuuza paketi ya kugeuza Contender kuwa karabini: kitako cha bega, ubao wa mbele na mtutu wa inchi 21. Mtutu wa inchi 21 na kitako: halali. Mtutu wa inchi 10 na kishikio cha mkono: bastola, halali pia. Lakini mutu akichukua kitako cha bega na kukiunga na mtutu wa inchi 10, amepata ile bunduki fupi iliyokatazwa. Serikali ikasema: kwa kuwa vipande vyote viko pamoja na vinaweza kuungwa vile, basi bunduki fupi imekwisha kutengenezwa, hata kama hakuna aliyeiunga.

Kampuni ilifanya nini? Haikupiga kelele barabarani. Iliandikisha bunduki moja, ikalipa dola 200, kisha ikaomba irudishiwe pesa. Iliponyimwa, ikaenda kortini. Korti ya kwanza iliipa serikali haki. Korti ya rufaa ikaipa kampuni. Tarehe 8 Juni 1992 Korti Kuu ya Marekani ikaamua, majaji watano kwa wanne: kampuni imeshinda.

Hoja iliyoandikwa na Jaji Souter ndiyo inayofundisha. Alikubali kwamba kuna hali ambapo vipande tu vinatosha kuhesabiwa kuwa silaha nzima, kama vile vipande ambavyo havina kazi nyingine ila kuunda kitu kilichokatazwa. Lakini vipande vya Contender vilikuwa na kazi halali inayoonekana. Sheria haikusema wazi. Na sheria hii, ingawa ni ya kodi, inabeba kifungo. Basi panapobaki shaka katika sheria inayoweza kumfunga mutu, shaka hiyo inamfaidia raia, haiifaidii serikali. Kanuni hii ni ya zamani sana. Tunaisoma hata kwetu darasani. Ila ni nadra kuiona imesimama waziwazi hivi, juu ya kitako cha mbao na bomba la chuma.

5. Wakusanyaji wanaanza wapi?

Huko Marekani kuna watu wanaoikusanya Contender kwa mapenzi. Nikisoma namna wanavyomwelekeza anayeanza, naona njia ya mwanahistoria kabisa.

La kwanza: wanaanza na mwili mmoja, na mitutu miwili ao mitatu wanayoielewa. Mwili ndio unaobeba namba na ndio sheria inauita silaha. Mitutu ni vipuri. Miili ya mwanzo kabisa ilikuwa na pande laini bila mchoro, kisha ikafuata yenye picha ya puma ubavuni. Zile laini ndizo zinazotafutwa.

La pili: kujua ukoo. Contender ya kwanza na mdogo wake G2 wanaazimana mitutu. Encore, iliyokuja katika miaka ya 1990 kwa risasi zenye nguvu zaidi, ni mkubwa wa mwili na mitutu yake haiingiliani na ya Contender. Vishikio vya Contender ya kwanza havikai kwenye G2. Mwenye kununua bila kujua ukoo ananunua chuma cha kuwekea mlango.

La tatu: kusoma mtutu kabla ya kuusifu. Kalibre imeandikwa juu yake. Kuna mtutu unaopiga risasi ya .45 Colt na pia kartushi ya .410 ya vidonge. Mdomoni mwake kuna kibana cha kukusanya vidonge, na kinapaswa kuondolewa kabla ya kupiga risasi nzima. Mtutu wa JDJ nao unadai mutu ajitengenezee kartushi zake. Mnunuzi anaangalia pia kama pini na tundu lake vimelegea, na kama kufuli linafunga sawasawa.

La nne, na kwangu ndilo kubwa: karatasi. Bastola iliyozaliwa bastola inaweza kuwa karabini na kurudi kuwa bastola; idara ya silaha ya Marekani ilithibitisha hivyo mwaka 2011. Lakini mwili uliozaliwa bunduki ya bega hauwezi kugeuzwa bastola bila kuangukia ile sheria ya 1934. Kwa hiyo boksi la zamani, fakitire na barua ya kiwanda si mapambo. Vinaonyesha chuma kilizaliwa kama nini. Vipande viwili vinavyofanana kama mapacha, kimoja ni halali na kingine ni kesi. Karatasi ndiyo inavitenganisha.

6. Kiwanda kilipohama

Smith & Wesson waliinunua Thompson/Center mwaka 2007 kwa dola milioni 102. Mwaka 2011 kazi ikahamishwa kutoka Rochester kwenda Springfield, Massachusetts. Mwaka 2021 mwenye mali akatangaza kwamba anataka kuiuza, na mwaka 2024 jina likarudi kwa Gregg Ritz, aliyeiongoza kampuni kabla ya kuuzwa. Katika safari hiyo yote, waliobaki wanajua mtutu gani ulitoka lini ni zaidi wale wakusanyaji na madaftari yao.

7. Na sisi?

Silaha ya risasi moja si mgeni kwetu. Albini, iliyochukuliwa na jeshi la Ubelgiji mwaka 1867, ndiyo ilibebwa na askari wa Force Publique, na wazee wetu walijua uchungu wake. Kisha kuna poupou ya wawindaji wa kijiji, inayojazwa baruti kwa mdomo. Nayo ina alama ya sheria: Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikataza kuingiza bunduki bora katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha nafasi kwa zile za jiwe la cheche, zenye mtutu laini. Wakubwa walikaa mezani Ulaya, na mwindaji wa msitu wa kwetu akapimiwa ni chombo gani anaweza kushika.

Unaona? Pale Marekani kampuni ililipa dola 200, ikashitaki serikali, ikashinda. Hapa mwindaji hakuulizwa kitu. Historia ya ile poupou iko katika ruhusa za karatasi zilizofichwa chini ya godoro la babu, katika mikono ya wahunzi wanaozeeka, katika majina ambayo kijiji kilizipa zile bunduki. Ukusanyaji huo hauombi bunduki hata moja, na hauombi pesa mingi. Unaomba daftari, kalamu, na heshima ya kukaa chini mbele ya mzee.

Basi swali langu kwenu: katika familia yenu, nani alikuwa fundi wa poupou ao mwindaji mwenye ruhusa, na nani amekwisha kumuuliza? Andikeni hapa chini. Wazee hawatungoji.