Tsavo Kuelekea Miaka 80: Simba Wawili, Filamu Tatu

Aprili 2028 Hifadhi ya Taifa ya Tsavo itatimiza miaka 80. Hapa Voi, kwenye makao makuu ya Tsavo Mashariki, hifadhi ni mwajiri, ni jirani, na siku nyingine ni mgomvi. Marekani, jina hilohilo likitajwa, watu huwaza jambo moja tu: simba wala watu. Historia ya hifadhi haiwezi kuandikwa bila simba hao, wala bila wale waliowatia kwenye sinema.

Kabla ya hifadhi

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Machi 1898 John Henry Patterson, mwanajeshi na mhandisi wa Uingereza, aliwasili kusimamia daraja la Mto Tsavo, mbele kidogo ya Voi. Kwa miezi tisa simba wawili dume, wote wasio na manyoya ya shingoni, walipenya maboma ya miiba usiku na kuwaburuta vibarua kutoka hemani. Wafanyakazi waliotoka Bara Hindi waliapa kwamba hao si wanyama, ni mashetani. Mamia walipanda treni wakarudi pwani, na kazi ikalala. Patterson alimuua wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29.

Baadaye alidai kwamba waliouawa walifika 135. Uchunguzi wa mifupa na nywele za simba hao, uliochapishwa mwaka 2009, ulikadiria watu 35 hivi. Ushetani nao una maelezo yake: sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe na nyati miaka hiyo ya 1890, na mmoja wa simba alikuwa na jino lililovunjika, mzizi wake umetunga usaha. Ngozi zao zilikuwa mazulia ya Patterson kwa robo karne, hadi mwaka 1924 alipoliuzia jumba la makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000. Wako huko hadi leo.

Kuzaliwa kwa hifadhi

Serikali ya kikoloni ilitangaza hifadhi Aprili 1948. Nchi yenyewe ilikuwa kame na imejaa mbung'o, na wakubwa wakaiona kama haina mwenyewe. Lakini Wataita walikuwa wakiijua, Wakamba walikuwa wakiijua, na Waata waliishi humo kwa upinde na mishale ya sumu. Kwa tangazo moja mwindaji akawa jangili. Eneo hilo likagawanywa Mashariki na Magharibi, na David Sheldrick akawa mlinzi mkuu wa Mashariki hadi 1976.

Mwaka 1952 Mto Voi ulizibwa, likapatikana Bwawa la Aruba ili wanyama wapate maji. Mwaka huohuo, Los Angeles, watu walivaa miwani ya karatasi kutazama Bwana Devil ya Arch Oboler, filamu ndefu ya kwanza ya Marekani yenye rangi na mfumo wa 3D. Waliahidiwa simba wa kuwarukia mapajani. "Tsavo" waliyoitazama ilipigwa picha zaidi California. Filamu hiyo ilizua homa ya 3D iliyodumu miaka michache. Mwaka 1959 Waingereza nao, wakimtumia nyota wa Marekani Robert Taylor, walichota tena habari za reli na simba katika Killers of Kilimanjaro.

Ukame, majangili na sinema ya tatu

Ukame wa 1970 na 1971 uliangamiza maelfu ya ndovu. Walionusurika wakawindwa na majangili kwa miaka mingi, na faru weusi nusura waishe. Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, lilianza kazi mwaka 1990, likairithi hifadhi iliyojaa makovu.

Mwaka 1996 Hollywood ilirudi na The Ghost and the Darkness. Val Kilmer aliigiza Patterson, na Michael Douglas akapewa mwindaji wa Kimarekani ambaye hakuwahi kuwapo. Filamu ilipata Oscar kwa uhariri wa sauti, maana yake ngurumo zile zilitengenezwa zikatengenezeka. Sehemu kubwa ilipigwa Afrika Kusini, na simba wakuu walitolewa bustani ya wanyama ya Kanada, wakiwa na manyoya tele shingoni.

Leo

Treni ya reli mpya ya SGR, iliyozinduliwa Mei 2017, inapita juu ya hifadhi huku ndovu wekundu kwa vumbi wakivuka chini yake. Karibu asilimia 62 ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya Tsavo. Mkulima aliyelala na mahindi akaamka na nyayo anaijua asilimia hiyo kuliko afisa yeyote. Sinema huisha simba wa pili akianguka. Mkulima huyo usiku unaofuata hukesha tena shambani, tochi na debe mkononi.

Mwaka 2024 watafiti walichunguza nywele zilizonasa kwenye meno ya simba wa Chicago. Walikuta za binadamu, ndiyo, lakini pia za twiga, punda milia, kuro, choroa na nyumbu. Hakuna filamu iliyowahi kuonyesha mlo huo wote. Anayetaka kuiona sehemu yake kubwa, mbali na hicho kitoweo cha kwanza, aingie kwa lango la Voi asubuhi na mapema.